Tai Chi Chini ya Miti ya Nairobi: Mwongozo Kamili wa Kufanya Mazoezi kwa Shukrani

Mtu anayejifunza tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole, ukumbini huanza na mikono, lakini anayejifunzia nje huanzishwa na ardhi yenyewe, kwa sababu nyasi zenye umande, mizizi iliyojitokeza na udongo mwekundu ulionyeshewa usiku humlazimu kujua uzito wake uko katika mguu gani kabla hajafikiria kiganja chake kimeelekea wapi. Kwa maoni yangu, hakuna mwalimu mkali kuliko kipande cha nyasi chenye mteremko mdogo. Mwongozo huu ni wa mkazi wa Nairobi ambaye hajawahi kufanya tai chi, au ameifanya ndani ya nyumba tu, na sasa anataka kuifanya chini ya miti kwa moyo wa shukrani.

Neno shukrani linahitaji kuelezwa mapema. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na ukitazama uwanja ambao watu wameufanyia mazoezi wiki nzima kisha wakaacha chupa, maganda na nyasi zilizong'oka, utaona kwamba mtu anaweza kufumba macho na kumsifu Muumba wa miti huku visigino vyake vikivipiga mateke vitu vilevile alivyoumbiwa. Shukrani ninayoizungumzia hapa ni ya mwili: namna ya kutua mguu, kujua ulichopewa kimetoka wapi, na kazi ndogo unayoifanya kabla ya kurudi nyumbani.

Sanaa hii ilikotoka

Shukrani ya kwanza ni ya wenye sanaa. Tai chi ilitoka Uchina, na kijiji kinachotajwa zaidi kuwa chimbuko lake ni Chenjiagou katika mkoa wa Henan, ambako ukoo wa Chen uliirithisha tangu karne ya 17 kama sanaa ya kupigana. Yang Luchan, aliyeishi kati ya mwaka 1799 na 1872, alijifunza huko kisha akaifundisha Beijing, na kutokana na mtindo wa ukoo wake ndipo mwaka 1956 mamlaka ya michezo ya Uchina ilipotunga mfululizo mfupi wa miondoko 24, ambao wanafunzi wengi duniani huanza nao hadi leo. Mwaka 2020 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tazama majina ya miondoko hiyo: Korongo Mweupe Akunjua Mbawa, Mikono ya Mawingu, Kutenga Manyoya ya Shingo ya Farasi Mwitu, Jogoo wa Dhahabu Asimama kwa Mguu Mmoja. Walioyatunga walikuwa wakitazama viumbe na anga, kwa hiyo kuyatoa mazoezi haya nje ni kuyarudisha kwao.

Huulizwa mara kwa mara kama Mkristo au Mwislamu anaweza kufanya tai chi bila kuingia katika ibada ya watu wengine. Mawazo ya Kichina ya yin na yang, yaani nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana, yameingia katika sanaa hii, hilo ni kweli, lakini miondoko yenyewe haidai sala wala kiapo chochote. Anayetaka kuanza kwa dua yake na aanze kwa dua yake.

Kuchagua mahali

Unahitaji eneo la hatua nne kwa nne, lenye nyasi fupi au udongo mgumu, lisilo na mteremko mkali, na lenye mti karibu lakini si juu ya kichwa chako. Mikaratusi huangusha matawi bila kuonya, hata siku isiyo na upepo, kwa hiyo usisimame chini yake hata kidogo. Mizizi ya mikuyu mikubwa hutambaa mbali na shina, nayo hujificha katika nyasi. Tembea kwanza eneo lote kwa miguu ukiwa na viatu, ukitafuta mashimo, vigae vya chupa na njia za siafu, ndipo uweke mfuko wako chini.

Msitu wa Karura una nafasi nyingi tulivu, na una historia ambayo anayefanya mazoezi humo anapaswa kuijua. Ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, una takriban hekta 1,000, na miaka ya tisini vipande vyake viligawiwa watu binafsi ili vijengwe majumba. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche ndani yake kama njia ya kupinga, na tarehe 8 Januari 1999 walipigwa na walinzi hadi yeye akapasuliwa kichwa. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1989, mama huyohuyo alikuwa ameongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa katika bustani ya Uhuru Park. Kwa hiyo unapotua mguu Karura au Uhuru Park, nafasi hiyo ya wazi haikujiwekea yenyewe. Kuna watu walioilipia kwa damu na kwa kutukanwa hadharani.

Arboretum, bustani ya miti ya jiji, ni mahali pangu pa kupendelea kwa mwanafunzi mpya, kwa kuwa nyasi zake ni pana na wafanyao mazoezi ni wengi, hivyo hakuna anayekushangaa. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, itoe kuni za garimoshi. Miti iliyoletwa ichomwe sasa ndiyo inayotupa kivuli. City Park ina kima wengi ambao wamezoea kunyang'anya vyakula, kwa hiyo nenda bila ndizi mfukoni. Anayefanya kazi katikati ya jiji anaweza kutumia bustani ya Jeevanjee asubuhi na mapema, kabla wahubiri na wabishi wa siasa hawajafika. Karura na Arboretum hutoza kiingilio. Uliza kiasi na njia ya kulipa kabla ya kutoka nyumbani. Na kama huna nauli ya kufika kokote huko, uwanja wa mtaa wenye mti mmoja unatosha kabisa.

Saa, majira na mavazi

Nairobi iko karibu na ikweta, na jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, likipishana kwa takriban nusu saa tu. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, wakati mwanga umeshatosha kwa usalama na jua bado halijawa kali. Kwenye kimo chetu cha takriban mita 1,700 na zaidi juu ya bahari, jua la saa nne huchoma ngozi hata pale hewa inapoonekana baridi. Kimo hichohicho humfanya mgeni kutoka Mombasa au Lamu ahisi pumzi imepungua; na apunguze muda kwa nusu katika wiki yake ya kwanza.

Juni hadi Agosti asubuhi huwa na mawingu mazito na joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au 12. Vaa sweta utakayoivua baada ya dakika kumi. Suruali iwe pana kwenye mapaja, na viatu viwe raba za soli nyembamba na bapa, kwa maana soli nene ya kukimbilia hukuficha ardhi na huyumbisha kifundo cha mguu unapogeuka. Beba maji katika chupa unayoitumia tena na tena, kwani tangu Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja katika misitu na hifadhi.

Hatua ya kwanza: kufika

Usianze mazoezi papo hapo unaposhuka kwenye matatu. Tembea polepole dakika tano, simu ikiwa imezimwa sauti, kisha simama ukingoni mwa eneo ulilolichagua na ulitazame kama mtu anayepiga hodi. Taja kimoyomoyo vitu vitatu unavyoviona kwa majina yake halisi. Ukisema "mti" umesema kidogo. Ukisema "mjakaranda uliomwaga maua" au "muhugu", ule mti ambao wachonga vinyago wameumaliza katika misitu mingi na ambao Karura bado unao, umeanza kushukuru kwa kutambua. Mti usioujua jina, upige picha ukamwulize mlinzi wa msitu ukitoka. Walinzi hufurahia sana swali hilo, na nimejifunza miti mingi kwa njia hiyo kuliko kwa vitabu.

Hatua ya pili: kusimama

Hapa ndipo wengi hukimbilia mbele, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu zaidi, kwani mwondoko wowote unaofuata ni kusimama huku kunakotembea. Weka miguu sambamba kwa upana wa mabega. Legeza magoti kiasi cha kuondoa ule ukaza wa nyuma, bila kuchuchumaa, na hakikisha goti halipiti ncha za vidole wala haliingii ndani. Acha kiuno kishuke kana kwamba unataka kukaa kwenye kigoda kirefu. Utosi uinuke kana kwamba umefungwa uzi unaovutwa juu, kidevu kiingie kidogo, na ncha ya ulimi iguse kaakaa nyuma ya meno ya juu. Mabega yashuke, viwiko viwe vizito, na kwapa ziachwe wazi kiasi cha kuingia yai.

Sasa sikiliza nyayo. Uzito unapaswa kutua katikati ya wayo, si kwenye kisigino wala vidoleni, na juu ya nyasi utagundua kwamba mguu mmoja uko chini kidogo kuliko mwingine na kwamba mwili wako unajirekebisha bila kuombwa. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae polepole, kisha iachie kwa pua bila kuisukuma. Usihesabu. Acha pumzi ijipangie urefu wake.

Simama hivyo dakika tatu siku ya kwanza, na uongeze dakika moja kila wiki hadi zifike kumi. Mapaja yatatetemeka, hilo ni jambo la kawaida. Maumivu ya goti si jambo la kawaida, na ukiyahisi inuka kidogo au upumzike. Katika dakika hizi, shukrani iwe ya hewa pekee: kile unachokitoa puani jani linakichukua, na kile linachokitoa mchana wote kwa nguvu ya jua wewe unakivuta.

Hatua ya tatu: kuhamisha uzito na kutembea

Ukiwa umesimama, peleka uzito wote mguu wa kulia taratibu, kama mtu anayemimina maji kutoka ndoo moja kwenda nyingine bila kumwaga hata tone, hadi mguu wa kushoto uwe mtupu kiasi cha kuweza kuuinua bila mwili kutikisika. Kisha mimina kuelekea kushoto. Rudia mara kumi kila upande. Mafundi wa tai chi huita mguu mmoja uliojaa na mwingine mtupu, na mtu asiyeweza kuvitofautisha hivi viwili hujikwaa hata sebuleni kwake.

Baada ya hapo tembea. Jaza mguu wa kulia, inua wa kushoto, upeleke mbele na kando kidogo, na uuguse ardhi kwa kisigino huku uzito wote ukiwa bado nyuma. Huu ndio wakati wa kuuliza ardhi swali: je, kuna jiwe, kuna mzizi, kuna tope? Kama jibu ni baya, unaweza kuurudisha mguu bila kuanguka, kwa sababu hukuukabidhi uzito. Jibu likiwa zuri, shusha wayo wote, kisha ndipo umimine uzito mbele hadi karibu asilimia 70. Ukirudi nyuma, ncha za vidole hutangulia badala ya kisigino. Hatua moja ichukue pumzi nzima. Mwenda pole hajikwai, na hapa methali hiyo ni maelezo ya ufundi hasa. Mguu unaotua mtupu pia haung'oi nyasi, wala hauwapondi wadudu walio chini yake kabla hawajapata nafasi ya kuondoka.

Hatua ya nne: miondoko minne

Huhitaji miondoko yote 24 ili kuanza. Minne inatosha kwa miezi miwili.

Kufungua ni rahisi. Kutoka katika kusimama, vuta pumzi huku mikono ikielea mbele hadi usawa wa mabega, vifundo vya mikono vikitangulia na vidole vikining'inia, kisha toa pumzi huku viganja vikishuka hadi usawa wa tumbo na magoti yakijikunja kidogo. Fanya mara tatu.

Katika Kutenga Manyoya ya Farasi, shika mpira wa kuwazia mbele ya kifua, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini, uzito ukiwa mguu wa kulia. Piga hatua ya kushoto kwa kisigino. Uzito unapokwenda mbele, mkono wa kushoto upande hadi usawa wa macho, kiganja kikikutazama, na wa kulia ushuke kando ya nyonga, kiganja kikiitazama ardhi. Kiuno ndicho kinachogeuka. Mikono hufuata tu. Rudia upande wa pili. Farasi mwitu hatuna, na mimi humfikiria punda milia wa hifadhi iliyo ukingoni mwa jiji.

Korongo Mweupe hukaa mguu wa nyuma. Uzito uwe kulia, ncha ya mguu wa kushoto iguse nyasi tu, mkono wa kulia uinuke mbele na juu ya paji la uso, wa kushoto ushuke kando ya nyonga. Kaa pumzi tatu. Anayepita karibu na uwanja wa Nyayo na kuwaona korongo wakubwa wenye upara, wale tunaowaita marabu, wakiwa wamesimama juu ya migunga kwa utulivu kamili juu ya foleni ya magari, hatahitaji maelezo zaidi.

Mikono ya Mawingu ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Leta mkono wa kulia mbele ya uso, kiganja kikikutazama, na wa kushoto chini ya kitovu. Geuza kiuno kulia, uzito ukifuata kulia. Mwishoni mwa mgeuko kiganja cha kulia hugeuka nje na kushuka kwa mviringo, huku cha kushoto kikipanda kuja mbele ya uso. Uzito ukiwa bado kulia, panua mguu wa kushoto kando. Geuza kiuno kushoto, mimina uzito kushoto, kisha uvute mguu wa kulia usogee karibu, nyayo zikiwa sambamba. Macho yafuate mkono wa juu. Fanya hatua tatu au nne, kisha rudi upande wa pili kwa kinyume chake.

Ukiwa ndani ya mwondoko huu, fuata wingu kwa akili. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Nyandarua huteremka kwa mito hadi bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi hutoka huko. Ulioga asubuhi hii kwa wingu. Ukishajua hivyo, huhitaji kujilazimisha kuhisi chochote.

Hatua ya tano: kufunga na kurudisha

Rudi katika kusimama dakika mbili, viganja vikiwa juu ya tumbo chini ya kitovu, kisha tembea kidogo. Sasa fanya kazi moja. Okota takataka za eneo lako na hatua kumi kulizunguka. Beba mfuko wako wa kuzitia na uondoke nazo. Nyoosha nyasi zilizolala. Kama mtaani kwenu kuna mche uliopandwa msimu wa mvua na kusahauliwa, umwagilie Januari na Februari, kwa kuwa miche mingi hufa wakati wa ukame huo baada ya kupigwa picha wakati wa kupandwa. Usimalize wiki mbili mahali pamoja. Hama hatua kadhaa kila mara ili nyasi zipumzike. Usiwape kima chakula, usitundike mfuko kwenye tawi changa, na usichubue gome eti unataka kuugusa mti kwa karibu.

Yatakayokusumbua

Siafu hutoka baada ya mvua, na niliwahi kusimama dakika nane kwa utulivu wa kupigiwa mfano kabla sijagundua kwamba safu yao ilikuwa imeshapanda ndani ya suruali. Tangu siku hiyo huingiza suruali ndani ya soksi kila Aprili na Novemba. Mbwa wa watu wakija mbio, shusha mikono, simama na umngoje mwenye mbwa. Watoto watakuita Jackie Chan. Waalike wasimame kwa mguu mmoja na watanyamaza wenyewe. Usiende peke yako kwenye njia za ndani kabisa za msitu, na mweleze mtu wa nyumbani uko wapi.

Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya viungo au mimba azungumze na daktari kwanza. Mzee asiyesimama imara afanye karibu na benchi la kushika. Manufaa yenyewe huhitaji uvumilivu: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la New England Journal of Medicine, uliofuata wagonjwa 195 wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, nchini Marekani, ulikuwa wa mazoezi ya saa moja mara mbili kwa wiki kwa wiki 24, na waliofanya tai chi walikuwa imara zaidi na walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Jipangie basi siku mbili za wiki na uzishike, badala ya kwenda kila siku kwa wiki moja kisha kuacha. Baada ya miezi miwili tafuta mwalimu akusahihishe magoti na mgongo, mambo ambayo hakuna maandishi yanayoweza kuyaona.

Siku ya radi usiende kabisa chini ya miti. Simama barazani, weka ndoo chini ya mfereji wa paa, ufanye Mikono ya Mawingu ukiyatazama mawingu yenyewe hadi usikie ndoo imejaa. Maji hayo yatafulia suruali yako.